Ugenini Makerere: Maisha ya Wanafunzi Waliovuka Mipaka

Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa Kiswahili,

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii huwa tunaifundisha kama onyo kwa mgeni mvivu, nasi huishia hapo. Lakini inao upande wa pili ambao aghalabu tunausahau. Mtu akishapewa jembe, amekwisha acha kuwa mgeni. Ameingizwa katika kazi ya nyumba, naye atakula kama wanavyokula wenyeji.

Makala haya yanahusu wageni wa namna hiyo: vijana wa Kenya, Tanganyika na Unguja waliokuja kusoma katika chuo cha Makerere, hapa Kampala, kabla ya mwaka 1970. Historia ya chuo hicho imesimuliwa mara nyingi kwa majina ya wakuu wake na ya viongozi waliotoka humo. Mimi nataka kuingia kwa mlango wa nyuma, nipite bwenini, jikoni na njiani, kwa kuwa huko, kwa maoni yangu, ndiko Kiswahili kilikofanya kazi ambayo ratiba ya masomo haikukipa. Kazi hiyo ilikuwa kuwafanya wageni wawe majirani.

Chuo juu ya kilima

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14 tu, nao walikuwa wa kutwa. Walifundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Wakati huo hapakuwa na habari ya ugeni, maana aliyesoma mchana alirudi kwao jioni. Ugeni ulikuja baadaye, chuo kilipoanza kupokea vijana wa nchi jirani. Mwaka 1937 Tume ya De La Warr ilipendekeza kiwe chuo cha elimu ya juu kwa Afrika ya Mashariki yote, na mwaka 1949 kikawa Chuo Kikuu kishiriki, kikiwa na uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Tangu hapo kijana wa Nyeri, wa Tabora au wa Unguja aliyefaulu vizuri alijua kwamba, akitaka kuendelea mbele, njia yake yaelekea kilima cha Makerere.

Katika vyumba na kumbi za kilima hicho walipita Julius Nyerere, aliyekuwapo toka mwaka 1943 hadi 1945, Milton Obote, Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa. Wote wanne walikuja kuwa marais wa nchi zao. Lakini walipokuwa Makerere walikuwa vijana waliolala katika vitanda vyembamba, waliosubiri barua za nyumbani na kuhesabu siku za likizo. Twawakumbuka kwa sababu ya yaliyofuata. Tusisahau kwamba kwa kila mmoja wao walikuwapo mamia wengine ambao walirudi makwao kuwa walimu, madaktari na maofisa wa kilimo, nao walirudi wakiwajua jirani zao kwa majina.

Safari

Mwanafunzi wa mbali alianza kusoma kabla hajaingia darasani, kwa maana safari yenyewe ilikuwa somo. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini haikufika Kampala hadi mwaka 1931. Kabla ya hapo msafiri alishuka Kisumu, akapanda meli, akavuka ziwa hadi bandari ya Port Bell. Baada ya 1931 kijana wa Mombasa aliweza kupanda gari moshi pwani na kushuka Kampala, akiisha kupita Nairobi, Nakuru, Eldoret na Tororo, na mwisho daraja la mto Nile pale Jinja. Kijana wa Tabora alikuwa na njia yake: gari moshi mpaka Mwanza, ambako reli ilifika mwaka 1928, kisha meli ya ziwani kupitia Bukoba.

Mzigo wa msafiri ulikuwa sanduku la bati, blanketi, na chakula cha njiani alichofungiwa na mama yake. Katika daraja la tatu viti vilikuwa vya mbao, na usiku mtu alilala akiegemea bega la asiyemjua. Kila stesheni wachuuzi walikimbia ubavuni mwa behewa na mayai ya kuchemsha, ndizi na mahindi ya kuchoma. Biashara hiyo ya dirishani ilikwenda kwa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha Unguja wala cha Mombasa, bali kile cha bara, kilichokatwakatwa kikabaki na maneno ya haja tu. Lakini shilingi ilitoka na yai likaingia. Kadiri gari moshi lilivyokaribia Kampala, ndivyo msafiri huyo alivyozidi kujibiwa kwa lugha asiyoijua.

Hata hivyo hakuwa katika nchi ngeni kabisa. Shilingi aliyoibeba mfukoni kutoka Tanga au Kisumu ndiyo iliyotumika Kampala, kwa kuwa nchi zetu zilikuwa na Bodi moja ya Fedha. Ni mwaka 1966 tu ndipo kila nchi ilipotoa fedha yake. Stempu aliyobandika juu ya barua ya kwanza kwenda nyumbani ilikuwa na majina matatu pamoja: Kenya, Uganda, Tanganyika. Wazee wetu wengine bado wanazo stempu hizo ndani ya vitabu vyao vya zamani. Mwonyesheni mwanafunzi wa leo stempu kama hiyo, atadhani mnamtania.

Bweni

Neno bweni ni la zamani, nalo lilimaanisha nyumba ya kulala vijana wasiooa. Waunguja husema pia dahalia, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo ndani yake mna maana ya mambo ya ndani. Nayapenda maneno haya mawili kwa kuwa yanaeleza vizuri kuliko maelezo marefu. Kijana aliyeingia bweni alikuwa hajawa mtu mzima wa kujitegemea, wala hakuwa tena mtoto wa nyumbani. Alikuwa ndani ya nyumba isiyo ya baba yake.

Mabweni ya Makerere yalipewa majina ya Wazungu: Livingstone, Mitchell, Northcote. Bweni la Northcote sasa laitwa Nsibirwa, na jina hilo lina historia yake. Martin Luther Nsibirwa alikuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda. Mwezi Septemba mwaka 1945 sheria ya kuwezesha ardhi ichukuliwe kwa ajili ya upanuzi wa chuo ilipitishwa, na kesho yake, tarehe 5, Nsibirwa akapigwa risasi na kufa penye kanisa kuu la Namirembe. Kwa hiyo yule mgeni aliyetandika blanketi lake katika kilima hicho hakutandika pahali pasipo na mwenyewe. Wenyeji walikuwa na hofu ya haki juu ya ardhi yao, na hofu ile ilikuwa imekwisha mwaga damu. Mgeni mwenye akili alilijua jambo hili, akatembea taratibu.

Maisha ya bwenini yalifuata desturi za Kiingereza. Palikuwa na mlezi wa bweni, kengele, sala ya chakula, na meza ya wakubwa iliyoinuliwa mbele ya ukumbi. Katika miaka ya kushirikiana na London wanafunzi walivaa majoho mekundu. Kijana aliyekulia katika nyumba ya udongo, ambaye baba yake hakuwahi kuvaa viatu, alijikuta akifundishwa namna ya kushika uma na kisu. Wako walioyapenda mambo hayo wakayabeba hadi uzeeni. Wako pia walioyacheka usiku, mlango ukishafungwa, na kicheko kile ndicho kilichowaunganisha Mkikuyu, Mchaga na Mnyoro waliokuwa wakilala chumba kimoja. Watu wanaocheka jambo moja huanza kuelewana hata kabla lugha zao hazijakutana.

Chakula

Hakuna kitu kimkumbushacho mtu kwao kama chakula. Hapa Kampala chakula cha heshima ni matoke: ndizi mbichi zilizomenywa, zikafungwa ndani ya majani ya mgomba, zikapikwa kwa mvuke hadi zikalainika, zikapondwa na kuliwa kwa mchuzi wa karanga. Mganda asipokula matoke husema hajala. Kijana wa pwani, kwa upande wake, alimaanisha wali wa nazi aliposema chakula, na kijana wa bara ya Kenya alimaanisha ugali. Kila mmoja wao alikaa mbele ya sahani ya mwenzake akijiuliza watu hawa wanaishije.

Hapa pana neno moja ambalo walimu wa Kiswahili wa Uganda hawana budi kulieleza kila mwaka. Katika Kiswahili sanifu, posho ni mgao wa chakula au fedha apewao mtumishi au msafiri. Uganda, posho ni ugali wenyewe. Sababu ni kwamba vibarua na askari walipewa mgao wao kwa unga wa mahindi, na jina la mgao likahamia kwenye chakula. Mwanafunzi wa Tanganyika aliyeambiwa "leo kuna posho" huenda alinyosha mkono akitarajia shilingi, akapewa sima. Watu wamecheka sana kwa neno hili, lakini ndani yake mna habari za wanaume waliotoka mbali kufanya kazi za mashamba, nao pia walikuwa ugenini.

Chakula kilileta hata ugomvi mkubwa. Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula, na baadhi yao wakafukuzwa. Mmoja wao alikuwa Abu Mayanja, ambaye mwaka huohuo alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha Uganda National Congress, na ambaye baadaye alikwenda kumalizia masomo Cambridge. Msomaji asiulione jambo hili kuwa dogo. Mtu aliye mbali na kwao, asiye na jiko lake wala shamba lake, heshima yake yote imo katika sahani anayowekewa. Anapolalamikia chakula, mara nyingi analalamikia jinsi anavyotazamwa.

Jumamosi wanafunzi waliteremka Wandegeya, mtaa ulio chini ya kilima. Huko hapakuwa na uma wala sala ya Kiingereza. Palikuwa na mishikaki, chai ya maziwa, na muziki. Mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimenyesha, palikuwa na senene wa kukaanga. Kijana wa Bukoba alijiona yuko kwao, kwa kuwa Wahaya nao huwala senene kwa furaha. Kijana wa Lamu alitazama pembeni, mpaka njaa na maneno ya wenziwe vilipomshinda. Wandegeya ingali ipo, na vijana wangali wakiteremka. Siku hizi hula chapati iliyoviringwa pamoja na mayai, ambayo wao huiita roleksi.

Lugha ya darasani na lugha ya ukumbini

Darasani lugha ilikuwa moja tu, Kiingereza, na cheti cha mtu kilitegemea hicho. Nje ya darasa mambo yalikuwa mengine. Wenyeji walizungumza Kiganda, na Waganda wengi hawakukitaka Kiswahili. Wengine husema kwamba walikidharau, lakini maneno hayo hayatoshi. Gavana Gowers alipotaka Kiswahili kienezwe katika shule za Uganda, miaka ya mwisho ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alimpinga waziwazi. Waganda waliogopa kwamba Kiswahili kingekuwa kamba ya kuwafunga na Kenya, ambako walowezi walikuwa wamechukua ardhi. Kwao, kukikataa Kiswahili kulikuwa namna ya kulinda shamba.

Tazameni basi jinsi mambo yalivyokwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa kwa shule za Uganda. Lakini mwaka 1952 Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1930 na kuhamia Nairobi mwaka 1942, ikahamia Makerere, ikakaa huko kwa muda wa karibu miaka kumi. Kwa hiyo, wakati mtoto wa Kampala alipokuwa hafundishwi Kiswahili, juu ya kilima chake wataalamu walikuwa wakikisanifu na kutoa jarida lake. Lugha yetu nayo ilikuwa mgeni Makerere, ikiwa na chumba lakini haina jembe.

Walioipa jembe walikuwa wanafunzi, pamoja na wapishi, mabawabu na wauza duka. Mkenya na Mtanganyika walipokutana bafuni asubuhi hawakusalimiana kwa lugha ya mtihani. Mchezo wa mpira haukungoja sarufi. Mwanafunzi wa pwani alimsikia mwenzake wa bara akisema "mimi iko na njaa", akamsahihisha, "sema nina njaa", na kisha akamgawia mkate. Masahihisho ya namna hiyo hayaumizi. Mganda naye alipojaribu, alisema "habali" na "balabala", kwa kuwa katika Kiganda sauti ya r huja baada ya e na i, na kwingineko huja l. Hilo halikuwa kosa la uvivu. Alikuwa akifuata kanuni safi ya lugha ya mama yake. Mwalimu anayeijua kanuni hiyo atamrekebisha mwanafunzi kwa dakika tano, na asiyeijua atamcheka mwaka mzima.

Mwezi Juni mwaka 1962 ulifanyika Makerere mkutano mashuhuri wa waandishi wa Afrika waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza. Ngugi wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi wa Makerere kutoka Limuru, alialikwa kwa sababu ya hadithi chache alizokuwa amezitoa. Shaaban Robert, mshairi mkuu wa Kiswahili na mjumbe wa Halmashauri ile, hakuwamo, kwa kuwa hakuandika kwa Kiingereza. Naye alifariki dunia mwezi huohuo. Miaka mingi baadaye Ngugi mwenyewe aliitaja tofauti hiyo kama dosari kubwa. Sisi walimu tuna haki ya kuliona jambo hili kwa uchungu. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, lugha yetu ikabaki ikipita mlango wa jikoni.

Wasichana

Mpaka mwaka 1945 wito wa chuo ulikuwa kwamba tuwe wanaume. Mwaka huo walipoingia wasichana sita wa kwanza, maneno hayo yalionekana hayafai tena, yakabadilishwa yakawa: tunajenga kwa ajili ya siku zijazo. Msichana aliyekwenda chuoni alikuwa mgeni mara mbili, mgeni wa nchi na mgeni wa darasa. Sarah Nyendwoha, mzaliwa wa Hoima, alikuwa miongoni mwa wasichana wa mwanzo. Alipotaka kusoma hisabati, mwalimu alikataa kumfundisha mwanamke, akalazimika kushika somo la historia. Hakukata tamaa, alikwenda Oxford na kupata shahada yake mwaka 1954, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kufanya hivyo. Baadaye aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji mashuhuri, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyesoma na kufundisha katika shule ya sanaa ya Makerere. Hivyo chuo kiliunganisha Hoima na Kilimanjaro katika nyumba moja.

Vyama vya watu wa nyumbani

Mtu akiwa ugenini humtafuta wa kwao. Nyerere na wenziwe kama Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu waliunda Makerere chama cha Watanganyika cha kusaidiana, kilichojulikana kwa herufi TAWA. Watu hupenda kukitazama chama hiki kama mwanzo wa siasa, na kweli kilielekea huko, kwa kuwa wanachama waliamua kujiunga na chama cha Waafrika cha Tanganyika, TAA. Lakini jina lake lilisema wazi kusudi la awali, yaani hali njema ya wenzao. Ugenini ndiko vijana walikoanza kujiita Watanganyika. Nyumbani mmoja alikuwa Mzanaki na mwingine Mhaya. Kampala, mbele ya wenyeji, wakajikuta wana jina moja. Ndivyo ugeni ufanyavyo. Kwanza humfundisha mtu nchi yake, kisha humfundisha ujirani.

Kuvunjika

Mwaka 1963 kiliundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Mafunzo makubwa yaligawanywa, na kwa kiasi kikubwa aliyetaka udaktari alikuja Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam. Sasa Waganda nao walionja ugeni. Kijana wa Ankole aliyefika Mlimani, Dar es Salaam, alikutana na joto, na wali, na watoto waliomwamkia "shikamoo" kabla hajajua kujibu "marahaba". Yoweri Museveni alikuwa mmoja wa waliosoma huko, kuanzia mwaka 1967 hadi 1970.

Mpango huo haukudumu. Mwaka 1970 kila nchi ilichukua chuo chake. Mwezi Januari mwaka 1971 Idi Amin akapindua serikali ya Uganda, na mwaka 1972 mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, akachukuliwa, asionekane tena. Mwaka 1976 msichana mmoja wa Kenya, mwanafunzi wa Makerere, alitoweka katika uwanja wa ndege wa Entebbe akiwa safarini kurudi kwao. Miezi michache baadaye mlezi wa bweni lake la Africa Hall, Theresa Nanziri, mja mzito, aliuawa. Habari iliyokubalika na wengi ni kwamba alikataa kutoa ushahidi wa uongo juu ya msichana yule. Mimi nikisoma habari za chuo hicho, husimama hapa. Wakuu wa nchi walikuwa wamekwisha gombana na mipaka ilikuwa ikifungwa; mwaka 1977 Jumuiya nayo ikafa. Lakini mlezi mmoja wa bweni hakumkana mtoto wa jirani aliyekabidhiwa kwake.

Kuhusu Kiswahili, Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Hilo halikukisaidia. Wananchi walikisikia katika vinywa vya askari, penye vizuizi vya barabarani na milangoni usiku. Jambo ambalo hofu ya ardhi ilikuwa imelianza, hofu ya bunduki ililimaliza.

Uji

Niruhusuni niseme kidogo juu yangu. Mimi ni mzaliwa wa Masaka, mji uliobomolewa katika vita vya mwaka 1979. Kwa mama yangu Kiswahili kilikuwa maneno mawili: "Amka! Fungua!" Aliyasikia mlangoni mara nyingi mno, chini ya majeshi mbalimbali. Nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kukisema, hata kwa mzaha.

Mwaka 2001 nilikwenda katika chuo cha ualimu mashariki ya Uganda. Chumbani tulikuwa wanne, na mmoja alikuwa mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka wa Busia. Alizungumza Kiswahili mchana na usiku, nami nilikaa mbali naye. Muhula wa kwanza nikashikwa na malaria. Siku ya tatu, alfajiri, nilisikia sauti juu ya kichwa changu ikisema, "Amka, ndugu yangu, nimekuletea uji." Kabla ya kuelewa maneno mengine nilishtuka kwa lile la kwanza. Kisha nikaona kikombe. Neno lilikuwa lilelile lililomtetemesha mama yangu, lakini sasa lilikuwa limebeba uji.

Basi nilijifunza lugha hiyo kwa mtu huyo, kabla sijaisoma kitabuni. Nilipomwambia mama kwamba nitakuwa mwalimu wa Kiswahili, alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza nani kanifundisha. Nilipomweleza habari za uji, aliniambia nimlete nyumbani wakati wa likizo. Akaja, akapewa matoke na mchuzi wa karanga, akala akamaliza. Mama aliongeza neno la tatu katika Kiswahili chake, nalo ni "karibu".

Kazi iliyo mbele yetu

Leo milango ya mbele imefunguliwa. Jumuiya ilifufuka mwaka 2000. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Jengo Kuu la Makerere, lililokamilika mwaka 1941 na kuungua tarehe 20 Septemba 2020, limejengwa upya na kufunguliwa mwaka 2024. Vijana wa nchi jirani wanasoma tena katika vyuo vyetu.

Lakini amri haiwezi kumfanya mtu aipende lugha. Historia niliyoieleza yatuonya hivyo mara mbili, kwa Gowers na kwa Amin. Kiswahili kilipoletwa kwa amri, watu walifunga milango. Kilipokuja na mkate, mpira na uji, walifungua. Kwa hiyo, walimu wenzangu, pamoja na ngeli na nyakati, tuwape wanafunzi wetu nafasi ya kukitumia wanapoishi. Mwenye bweni aanzishe siku moja ya juma ambayo jikoni na uwanjani husemwa Kiswahili, bila adhabu kwa anayekosea. Mwenye mwanafunzi mgeni kutoka nchi jirani asimwache akae kimya nyuma ya darasa. Ampe kazi ya kuwasomea wenzake na kuwasahihisha matamshi. Na tuwaulize wazee walio karibu nasi, waliosoma ugenini zamani, walikula nini, walilala na nani, walijifunza maneno gani. Wengi wamekwisha tutoka, na waliobaki hawatatungoja.

Siku mbili za ugeni wa lugha yetu katika nchi hii zimekuwa ndefu sana. Hii ni siku ya tatu. Tuipe jembe.